Nina ujauzito wa wiki 14 na ndugu wanataka paka wangu atupwe

"Shikamoo daktari. Nina miaka 27, naishi nje kidogo ya mji wa Moshi nyumbani kwa wakwe zangu. Nina ujauzito wa wiki 14. Mwaka jana nilipata mimba, ikatoka ikiwa na wiki tisa, na tangu hapo mama mkwe anasema ni paka wangu. Nimemfuga tangu akiwa mdogo, sasa ana miaka mitano, analala ndani na mara nyingi anapanda kitandani. Mama anasema manyoya yake yanaingia kwenye kizazi. Juzi jirani yetu aliyesoma naye akaniambia kuna ugonjwa wa paka unaoharibu ubongo wa mtoto tumboni, nikapime kipimo cha TORCH. Mume wangu amesema Jumamosi anampeleka paka sokoni akamwache huko huko. Nimelia sana. Tuna pia mbwa wa ulinzi, kuku, na mbuzi wanne wanaolala kwenye banda nyuma ya jiko. Mmoja anakaribia kuzaa, na huwa namsaidia baba mkwe kuwazalisha kwa sababu mikono yangu ni midogo. Je, ni kweli paka ndiye aliyeiharibu mimba yangu? Nifanye nini? Samahani kwa swali refu. Nimesahau: mwezi huu nina hamu kali ya udongo, natumaini hauna shida."

Marahaba, mdogo wangu. Pole kwa mimba iliyotoka, na hongera kwa hii. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilimwona paka, kwa sababu ndiye uliyetaka nimwone. Mara ya pili nikawaona mbuzi, nikauona na udongo ulioutaja mwishoni kama mgonjwa anayeshika kitasa cha mlango ndipo akumbuke kilichomleta. Nitaanza na paka maana ndiye anayekuliza, lakini tafadhali usiishie kwake. Na mwambie shemeji yangu huyo asiende sokoni Jumamosi kabla hamjamaliza kusoma wote wawili.

Kwanza mimba ya mwaka jana. Katika kila mimba 100 ambazo mama anajijua kuwa mjamzito, 10 hadi 20 hutoka zenyewe, nyingi kabla ya wiki ya 12. Karibu nusu au zaidi ya hizo za mwanzoni hutoka kwa sababu chembe za urithi za mtoto hazikupangana sawasawa tangu siku yai lilipokutana na mbegu. Mimba ya namna hiyo isingefika, hata kama ungekaa umelala kitandani miezi yote na paka akiwa Dodoma. Hukufanya kosa. Paka naye hakufanya. Mimba moja iliyotoka haimaanishi kwamba kizazi chako kina ugonjwa, na wengi sana waliopoteza mimba ya kwanza hushika ya pili na kuzaa salama.

Sasa manyoya. Nadhani lugha yetu imechangia hofu hii. Kiswahili kinasema ugali uko tumboni, na mtoto naye yuko tumboni, kwa hiyo mtu anayemeza unyoya wa paka anauona moyoni mwake ukielea kuelekea kwa mtoto. Lakini hayo ni matumbo mawili yasiyo na mlango kati yao. Unachomeza kinapita kwenye utumbo na kutoka chooni. Ukivuta unyoya puani, unanaswa na makamasi ukapiga chafya. Kizazi kina mlango wake upande wa chini, na wakati wa ujauzito mlango huo umefungwa na kuzibwa kwa ute mzito. Unyoya hauna pa kupitia. Kama manyoya ya paka yangekuwa yanazuia uzazi, Mji Mkongwe wa Unguja, ambako paka wanalala kwenye kila baraza, usingekuwa na mtoto hata mmoja wa madrasa. Manyoya yanaweza kumsumbua mtu mwenye pumu au mzio. Kama kifua chako kinabana paka akiwa karibu, hilo ni jambo la kweli na tulizungumze kliniki, lakini ni habari ya kifua chako.

Jirani yako amesema nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli ndiyo inayotisha zaidi. Ugonjwa anaousema upo. Unaletwa na kimelea kiitwacho toksoplasma, kidogo hata jicho halikioni. Kiligunduliwa mwaka 1908 mjini Tunis, ndani ya mnyama mdogo wa jangwani jamii ya panya aitwaye gundi, wala hakikugunduliwa kwa paka. Ilichukua miaka mingi baadaye kujulikana kwamba paka na jamaa zake, pamoja na simba na chui, ndio wanyama pekee ambao ndani ya utumbo wao kimelea hiki hutaga mayai. Wanyama wengine wote, yaani mbuzi, nguruwe, kuku, panya, na sisi binadamu, hukibeba tu kikiwa kimejificha ndani ya misuli na ubongo.

Fuatana nami hapa taratibu, maana ukielewa hatua hizi utajua mwenyewe cha kufanya bila kuniuliza. Paka anaambukizwa kwa kula panya, ndege au nyama mbichi yenye kimelea. Mara ya kwanza kuambukizwa, kwa kawaida akiwa bado mdogo na ndiyo kwanza ameanza kuwinda, hutoa mayai kwenye kinyesi kwa muda wa wiki moja hadi tatu. Hutoa mamilioni. Kisha mwili wake unapata kinga, na mayai yanakoma, mara nyingi kwa maisha yake yote. Paka wako ana miaka mitano na anaishi kwenye nyumba yenye banda la mbuzi, kwa hiyo panya hawakosekani. Kuna uwezekano mkubwa kwamba alishamaliza zile wiki zake tatu miaka minne iliyopita, wakati ukiwa hujafikiria hata kuolewa. Wa kuogopwa zaidi angekuwa kitoto cha paka kilichookotwa wiki hii. Kwa hiyo shemeji akimtupa huyu, halafu panya wakazidi, na mwezi ujao mkaleta mwingine mdogo, mtakuwa mmebadilisha usalama kwa hatari.

Hatua ya pili ni hii: mayai yakitoka kwenye kinyesi yakiwa mabichi hayaambukizi. Yanahitaji siku moja hadi tano nje, kwenye hewa na unyevu, ndipo yakomae. Ndiyo maana kumpapasa paka, kumpakata, hata kulala naye kitanda kimoja, si njia ya maana ya kupata ugonjwa huu. Paka anajilamba mwili mzima kutwa, na kinyesi hakikai kwenye manyoya siku tatu kikisubiri kukomaa. Lakini mayai yakishakomaa yanakuwa sugu. Kwenye udongo wenye unyevu na kivuli, kama ule wa chini ya migomba ya huko kwenu, yanaweza kuishi zaidi ya mwaka. Mvua inayasambaza, jembe linayafukua. Paka mwenyewe amekwisha kuyasahau.

Kwa hiyo binadamu anayapata wapi? Kwenye mikono iliyolima na haikunawa. Kwenye mboga za majani zinazoliwa mbichi, kachumbari ambayo nyanya na majani ya giligilani yamepitishwa tu chini ya maji. Kwenye maji ya mfereji yasiyochemshwa. Na kwenye nyama. Wengi nikiwaambia kuhusu nyama wanashangaa, kwa sababu wameshamhukumu paka. Mwaka 2000 ulitoka utafiti uliofanywa kwa wajawazito kwenye miji sita ya Ulaya. Kati ya asilimia 30 na 63 ya maambukizi, kulingana na mji, yalihusishwa na nyama isiyoiva au iliyokaushwa bila kupikwa, na asilimia 6 hadi 17 yakahusishwa na kugusa udongo. Kuishi na paka peke yake hakukuonekana kuongeza hatari. Huko ni Ulaya, na mashamba yao si yetu, lakini kimelea ni kile kile na mbuzi ni mbuzi.

Sasa kwa mtoto. Kimelea hiki humfikia pale mama anapoambukizwa kwa mara ya kwanza katika maisha yake wakati akiwa mjamzito, au muda mfupi sana kabla. Ukiwa uliwahi kuupata zamani, utotoni labda, mwili wako una kinga, na kinga hiyo inamlinda mtoto. Isipokuwa kinga ya mwili wako iwe imeshuka sana, kwa mfano mtu mwenye VVU ambaye hajaanza au hatumii dawa ipasavyo, maana hapo kimelea kilicholala kinaweza kuamka. Hiyo ni sababu mojawapo ya kutokwepa kipimo cha VVU kliniki.

Wakati wa kuambukizwa nao una maana. Mama akiambukizwa kwa mara ya kwanza karibu na wiki ya 13, uwezekano wa kimelea kupenya kondo la nyuma ni mdogo, takriban mmoja kati ya saba. Akiambukizwa wiki ya 36, ni zaidi ya nusu. Ila madhara yanakwenda kinyume: maambukizi ya mapema hupenya mara chache lakini yakipenya huumiza zaidi, ubongo na macho, na mimba inaweza kuharibika. Ya mwishoni hupenya mara nyingi, na watoto wengi huzaliwa wakionekana wazima, ingawa baadhi huja kupata shida ya macho miaka kadhaa baadaye. Sikuelezi haya ili usilale. Nakueleza ili ujue kwamba bado una miezi sita ya kuwa mwangalifu, na kwamba uangalifu huo uko jikoni kwako kuliko kitandani na paka.

Kipimo cha TORCH, yaani kipimo cha damu kinachotafuta toksoplasma na maambukizi mengine yanayoweza kumdhuru mtoto tumboni. Hapa nitasema kwa uchungu kidogo. Nimempokea mama aliyekuwa ametumia dawa kwa miezi mitatu na kuuza cherehani yake, kwa sababu maabara moja mtaani ilimwambia "una ugonjwa wa paka". Nilipoomba karatasi, ilionyesha majibu ya aina mbili za kingamwili: IgG chanya, IgM hasi. Maana yake? Aliwahi kuambukizwa zamani, akapona, ana kinga. Ilikuwa habari njema aliyouziwa kama msiba. IgG ni kovu: inakuambia kidonda kilikuwepo. IgM ndiyo inayojitokeza mapema maambukizi yakiwa mapya, lakini nayo huweza kubaki kwenye damu kwa miezi, hata zaidi ya mwaka, kwa hiyo IgM chanya peke yake haitoshi kusema umeambukizwa mwezi huu.

Je, upime? Ufaransa hupima wajawazito wote mapema, na wasio na kinga hurudiwa kila mwezi mpaka wajifungue. Kwetu kipimo hiki hakimo kwenye vipimo vya kawaida vya kliniki, na sidhani ni uzembe, maana damu, presha, mkojo, VVU, kaswende na malaria vinaokoa watoto wengi zaidi kwa fedha hiyo hiyo. Kama una uwezo na unataka kujua, wiki ya 14 ni wakati mzuri. Ikitoka IgG chanya na IgM hasi, pumua, hilo limekwisha. Zote mbili zikiwa hasi, huna kinga, na ushauri wangu wote hapa unakuhusu mara mbili. Zote mbili zikiwa chanya, usinunue dawa yoyote. Nenda hospitali ya rufaa, na kwa hapo ulipo KCMC iko karibu. Watarudia baada ya wiki mbili au tatu na kuangalia kama viwango vinapanda, au kupima umri wa kinga hiyo. Dawa zipo, na zinachaguliwa kulingana na wiki za ujauzito. Zile tembe za SP unazomeza kliniki kuzuia malaria zina dawa mojawapo ya jamii hiyo, lakini kipimo chake na muda wake ni tofauti kabisa, hivyo zimeze kwa ajili ya malaria na usidhani zimekukinga na hili. Kama huna fedha ya kipimo, usikope. Jilinde kana kwamba huna kinga, inatosha.

Kwa hiyo paka abaki. Kama anajisaidia ndani kwenye boksi la mchanga au majivu, mtu mwingine amwage kila siku bila kukosa, kabla yale mayai hayajapata siku zake za kukomaa, na boksi lisuuzwe kwa maji yanayochemka. Kama huna mtu, vaa glavu, nawa kwa sabuni. Asilishwe nyama mbichi wala utumbo mbichi wa kuku, apewe vilivyopikwa. Asipande kwenye meza ya kukatia mboga. Akikuparua au kukung'ata, osha kwa sabuni. Dawa za minyoo apewe. Basi, hayo tu. Bustani ya mchicha ndiyo ninayoiogopa, maana paka wa kijiji kizima hupenda udongo uliotifuliwa. Ukilima, lima na glavu au mfuko wa plastiki mikononi, kisha nawa mpaka chini ya kucha. Mchicha ukipikwa hauna neno. Kachumbari ya ugenini iache kwanza, ya nyumbani osha majani moja moja kwa maji mengi safi. Nyama iive mpaka ndani pasiwe na wekundu, na hapa najua nawagusa watu wa Kilimanjaro: mishkaki ya kando ya barabara inayotoka damu, na kisusio, ile supu yenye damu ya mnyama, kisichochemka barabara, vyote visubiri mpaka ujifungue. Desemba ndugu watarudi nyumbani na mbuzi watachinjwa. Wewe omba kipande cha supu kilichochemka tangu asubuhi.

Tuje kwenye udongo. Usione haya. Hamu hiyo ni ya kale na imeenea, na sokoni wanauza vipande vya pemba vilivyopangwa vizuri kama pipi. Mara nyingi inaambatana na upungufu wa damu, ingawa wanasayansi bado wanabishana kipi kinatangulia. Lakini angalia tulikotoka sasa hivi: mayai ya toksoplasma yanaishi wapi? Udongo, na hasa ule unaobanduliwa ukutani mwa banda au kuchotwa kichuguuni, unaweza kubeba hayo, mayai ya minyoo ya binadamu na ya mbwa, hata madini mabaya kama risasi. Tena udongo wenyewe unashikilia madini ya chuma tumboni yasifyonzwe, na upungufu wa damu unazidi. Mama mkwe anamlinda mjukuu dhidi ya paka mlangoni huku kinyesi cha paka kinaweza kuwa kinaingia kupitia kiganjani mwako. Kliniki ijayo sema wazi kwamba unatamani udongo, upimwe wingi wa damu, na umeze vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi walivyokupa hata kama vinakutia kichefuchefu. Kwa wengi hamu hupungua damu ikipanda. Usipopimwa, kuacha ni vita.

Sasa mbuzi. Mdogo wangu, kama ningeruhusiwa kukukataza jambo moja tu katika barua yako yote, ningekukataza kumzalisha mbuzi yule.

Wanyama wanaocheua, mbuzi, kondoo na ng'ombe, wana magonjwa yanayopenda kuishi kwenye kondo la nyuma. Kuna homa ya Q, bakteria anayezaana kwenye kondo la mbuzi mpaka gramu moja ikabeba mamilioni kwa mamilioni. Mbuzi anaweza asionekane mgonjwa kabisa. Siku anapozaa, bakteria hao wanamwagika kwenye majimaji, wanakauka, wanakuwa vumbi, na unawavuta kwa pumzi. Wanadumu kwenye vumbi la banda kwa muda mrefu. Uholanzi, kati ya 2007 na 2010, zaidi ya watu 4,000 waliripotiwa kuugua kutokana na mashamba ya mbuzi wa maziwa, wengi wakiwa hawajawahi kumgusa mbuzi, walikuwa tu majirani wa upande wa upepo. Kuna jamii ya bakteria iitwayo klamidia inayowafanya kondoo na mbuzi kutupa mimba, nayo kwa mama mjamzito inaweza kuleta ugonjwa mkali na mimba kutoka. Kuna brusela, ambayo wafugaji wanaijua kama ugonjwa wa kutupa mimba, na hii inaingia pia kwa maziwa mabichi. Na ikinyesha mvua kubwa isiyo ya kawaida na wanyama wakaanza kutupa mimba kundi zima, kuna homa ya Bonde la Ufa, iliyopiga nchini kwetu mwaka 2006 na 2007.

Umeona kinachofanana? Vyote vinapita siku ya kuzaa, kwenye damu, majimaji na kondo, mahali pale pale ulipokuwa ukiingiza mikono yako midogo. Baba mkwe ninamheshimu, na najua mbuzi akikwama kitoto kikifa ni hasara ya nyumba. Amwite bwana mifugo, au kijana mwingine wa boma avae glavu ndefu na kitambaa mdomoni. Wewe usiwe bandani siku ile, usifagie banda wiki zinazofuata, usishike kitoto kibichi, usifue nguo walizovaa. Kumnyunyizia mbuzi dawa ya kupe nako waachie wengine, dawa zile ni sumu. Kama banda limegusana na ukuta wa jiko, zungumzeni kama familia kuhusu mbuzi huyo kuzalia upande mwingine, mbali na upepo unaoingia jikoni. Maziwa yachemshwe mpaka yafure. Kugandisha maziwa mabichi hakutoshi kuua brusela, kwa hiyo chemsha kwanza, poza, ndipo ugandishe mtindi wako.

Kama uliwahi kusaidia uzazi wa mbuzi tangu upate mimba hii, usihangaike usiku kucha, lakini mwambie mkunga au daktari, na hasa ukipata homa. Homa ndiyo nataka uikumbuke. Hapo hapo Moshi, mwaka 2007 na 2008, watafiti walifuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa. Kwa 528 kati yao madaktari walidhani ni malaria. Waliokuwa na malaria kweli walikuwa 14. Katika wengine walikutwa wenye homa ya Q, brusela, ugonjwa wa mkojo wa panya na magonjwa ya kupe. Kwa hiyo mjamzito mwenye homa aliyepimwa malaria ikawa hasi asirudi nyumbani na panado tu. Sema mwenyewe: "Naishi na mbuzi, mmoja amezaa wiki tatu zilizopita." Sentensi hiyo moja inaweza kubadilisha matibabu, na usipoisema hakuna atakayeikisia.

Mbwa. Hukuniambia kama amechanjwa, na kwa uzoefu wangu asiyetaja chanjo hana chanjo. Mbwa wa ulinzi anayefunguliwa usiku anakutana na mbwa wa mitaa yote. Karibu vifo vyote vya binadamu kwa kichaa cha mbwa hutokana na kung'atwa na mbwa, na dalili zikishaanza hakuna dawa, ni kifo. Mpigieni afisa mifugo wa kata, achanjwe, na irudiwe kila mwaka. Ukija kung'atwa, na mbwa huyu au yeyote, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili kwa saa, kisha nenda hospitali siku ile ile ukachanjwe. Nasisitiza kwa sababu nimekutana na wajawazito walioambiwa wasubiri wajifungue. Hapana. Chanjo hiyo haina kirusi hai, haimdhuru mtoto, na ujauzito si sababu ya kuichelewesha hata siku moja. Ukiambiwa vingine, omba kuonana na mkubwa wa zamu. Mengine ya mbwa ni madogo: apewe dawa ya minyoo, watoto wa mbwa hasa, maana wengi huzaliwa nayo, na usitembee peku uani.

Kuku hawana makuu. Nawa ukishika mayai au vifaranga, usilambe unga wenye yai bichi, na banda lao mtu mwingine afagie.

Njoo hospitalini bila kungoja tarehe ya kliniki ukipata homa, ukivimba tezi shingoni na uchovu usioisha, jicho likiona ukungu, ukiona damu ukeni, au ukigundua mbuzi mmoja ametupa mimba na wewe ulikuwa bandani. Usije na paka. Njoo na kadi yako ya kliniki, na mumeo kama anaweza, maana nina maneno mawili naye kuhusu ile safari ya sokoni.

Mama mkwe usibishane naye. Msomee barua hii jioni mkiwa mmetulia, sehemu ya mbuzi isome polepole. Na mbuzi akizaa, aliyemzalisha alifukie kondo shimo refu, mbali na mchicha na mahali mbwa hatalifukua.